Keram Ilipohama Barazani

Mjukuu wangu Rukia,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku sote wazima. Mama yako kanenepa, usimwambie. Mimi bado ndiye mwenye bahati kuliko wote Unguja: shule niliimaliza wa kwanza, bila hata kufungua kitabu.

Umeniuliza utasomaje humo dakhalia na makelele ya wenzako. Sikia basi. Miaka ya hamsini, nyumba yetu ya Mkunazini, barazani palikuwa na keram yangu, ule ubao wa kupigia kete kwa vidole, na vijana wamejaa tangu alasiri. Dirisha la hapo juu ni la chumba alichosomea dada yangu, bibi yako Zuwena, akijiandaa na mtihani wa ualimu. Siku moja akatokeza mlangoni na pamba masikioni.

Nikaibeba keram kichwani.

"Haji, waipeleka wapi?" vijana wakaniuliza.

"Darajani. Dada yangu anasoma."

"Na wewe utasoma lini?"

"Mie nshasoma, nshamaliza!"

Wakacheka, wakanifuata. Nikawaachia keram huko, nikarudi. Meza ya Zuwena nikaigeuza ielekee ukutani, mtungi wa maji nikauweka karibu, kisha nikakaa barazani peke yangu. Kila aliyekuja kupiga hodi nilimrudisha kabla hajafungua mdomo. Mpaka siku ya mtihani.

Alifaulu! Leo nusu ya wazee wa mtaa huu kawafundisha yeye, nami nawaambia wote kwamba bawabu wake nilikuwa mimi.

Nawe waambie wenzako waziwazi. Wanaokupenda watahama.

Na ule uwongo wa kumaliza wa kwanza usiushike. Niliacha darasa la nne.

Babu yako,
Haji