Ukuta Uliosuasua

Nyasubi, Kahama
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Noela, Mama Bujiku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kivulini, miguu umeinyoosha, ingawa nakujua, utaisomea jikoni huku mboga inaungua. Shemeji hajambo? Bujiku na wadogo zake je, na tumbaku ya mwaka huu? Sisi hapa tunaendelea vizuri, na mimi niliyekuwa mgonjwa nakula ugali mpaka naambiwa niwaachie wengine.

Ningepiga simu, lakini kila nikigusa habari za ukoo mtandao wa Ushetu unakatika, tena unakatika kwako tu. Thobias wa duka la mbolea ameahidi kukufikishia barua hii mkononi.

Unajua jinsi kifua kilivyokuwa kinanibana kila nilipopanda ngazi kutoka duarani, kule kwenye mashimo yetu ya dhahabu upande wa Geita. Nikipumzika kinaachia, nami nikasema ni vumbi. Siku moja nikakwama katikati ya ngazi, juu siendi, chini sishuki. Wenzangu wakanivuta kwa kamba kama kiroba cha mawe. Hapo mke wangu Salome akasema basi, tukaenda hospitali kubwa Mwanza.

Daktari Hosiana, mama mpole mwenye miwani, alisema anataka kuuona moyo ukiwa kazini, siyo ukiwa umepumzika. Wengine hukimbizwa kwenye mashine, lakini kwa goti langu hili lililoangukiwa na jiwe, yeye angeukimbiza moyo kwa dawa ya mshipani huku mimi nimelala. Akapitisha kifuani kifaa kama kile cha kupimia wajawazito. Picha ikaja na ukungu, akasema mapafu yangu yamekula vumbi mno, hivyo atanichoma sindano ya kitu kitakachoufanya moyo ung'ae kwa ndani. Dada, niliinuka kitandani. Kitu ninachokijua mimi cha kumwagia matope ili kilichojificha kionekane ni zebaki, na watu ambao zebaki imewaacha wanatetemeka mikono nimewaona. Nikamwambia hiyo haiingii mwilini mwangu. Alicheka mpaka akavua miwani aifute, kisha akanieleza kuwa ni viputo vya gesi, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, vinavyopita na damu halafu mtu anavitoa kwa pumzi. Nikalala tena na aibu yangu.

Taa zikapunguzwa. Nilikuwa nimelalia ubavu wa kushoto. Dawa ikaingia, moyo ukaanza kwenda mbio wenyewe, mimi nimetulia, kana kwamba mtu mwingine anakimbia ndani yangu. Kisha viputo vikafika. Kwenye kioo cha mashine, palipokuwa na giza pakajaa weupe taratibu, kama maziwa yanavyojaa kwenye kibuyu, na chumba cha moyo wangu kikaonekana chote. Sijui kama nilisinzia. Nilijiona nimeshuka duara lisilo na mwisho, kuta zake laini, zinakaribiana na kuachana, na mbele yangu anatembea baba na taa mkononi, hageuki. Nilitamani kumwita, nikaogopa taa itazimika. Karibu naye palikuwa na ukuta mmoja usiokwenda na wenzake, unasuasua. Nilipofumbua macho, kidole cha daktari kilikuwa pale pale kwenye kioo.

Akaisimamisha dawa. Alisema moyo ukikimbia kuta zote hukimbia pamoja, na ule unaochelewa haupati damu ya kutosha, kwa hiyo huenda mshipa wake umeziba kiasi. Nimepewa vidonge, duarani sishuki tena, na nitapelekwa Dar es Salaam wautazame huo mshipa. Kisha akauliza kama kwetu yupo aliyekufa ghafla. Nikamsimulia jinsi baba alivyoanguka na mzigo wa kuni mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku, na jinsi wiki ile nzima alivyokuwa akisugua kifua na mkono, sisi tukimtania kwamba ameulalia. Alijibu kwamba hawezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, lakini dalili hizo anazisikia kila siku kwa walio hai, na ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo. Akasema ndugu zangu nao wapimwe.

Dada, ulimwambia Salome kwamba ukitoka kisimani unasimama njiani, umeshika kifua, mkono nao unauma, na kwamba mganga amesema ni Shangazi Zipora anamalizia alichokianza kwa baba. Tulimfukuza kama mchawi kwa sababu ya maziwa aliyomletea kaka yake asubuhi ile alipoanguka, na kwa macho yake mekundu. Mtu aliyechochea moto wa bani maisha yake yote angekuwa na macho ya rangi gani?

Shangazi yuko hapa kwangu. Nilimkuta karibu na mgodi wa Buzwagi akiuza maandazi, nikamleta nyumbani, nikakuficha kwa kuwa nakuogopa. Ndiye aliyenishika mkono Mwanza. Alisikia yote, akamwambia daktari wabeja, asante yetu ile, akatoka. Nilimkuta nje kwenye benchi akimlilia kaka yake, msiba ambao hatukumruhusu kuulilia.

Kwa mganga usiende. Njoo, nitakupeleka kwa Daktari Hosiana mwenyewe. Nyumba yetu ni ndogo, utalala chumba kimoja na Shangazi, na najua ninachokuomba.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Salome anakusalimu sana. Shangazi naye anakusalimu, na amenituma nikuulize mkono unaokuuma ni upi, maana wa kaka yake ulikuwa wa kushoto.

Mdogo wako akupendaye,
Januari Maige