Namba Saba ya Mzee Raimundi

Jumatatu, 10 Juni 2024
Pikapu imenitapikia petroli tena. Nashusha usipa, dagaa wetu wa ziwani, sokoni Mbamba Bay, mara harufu — watu wakasogea. Na si usipa waliokuwa wanaukimbia. Kosa ni langu: pampu ya zamani ilikufa, nikafunga ya umeme, na hii ya umeme inasukuma mafuta kwa hasira. Kabureta yangu ni ya kizee, inataka kubembelezwa. Nimeagiza regyuleta ya kupunguza presha. Jumamosi tunapanda milimani, kijiji cha Ukata, kumposea mwanangu Jastini, sitaki tufike tunanuka kama kituo cha mafuta.

Jumatano, 12 Juni
Regyuleta imefika, nimeifunga mwenyewe. Nimekata mpira wa mafuta kati ya pampu na kabureta, nikaiweka hapo, mbali na ekzosi, nikakaza klipu. Geji juu yake. Nikageuza skrubu taratibu mpaka mshale ukasimama kwenye tatu. Injini ikatulia, hata tone halikudondoka. Marehemu mume wangu sikuwahi kumtuliza hivyo.

Alhamisi, 13 Juni
Nazari, mshenga wetu, karudi kutoka Ukata. Mdomo wake huyu! Kawasimulia kwamba tunakuja na gari letu wenyewe, tena lina regyuleta mpya. Sasa baba wa binti, Mzee Raimundi, ambaye zamani aliendesha malori ya kahawa, ametuma maagizo: iwekwe saba. Milima ya kwao haipandwi kwa tatu. Tukifika ataangalia mwenyewe, aone kama nyumba hii inasikia.
Nikamwambia Nazari saba itaizamisha kabureta. Akasema: mama, wachumba waliotangulia walibishana na mzee habari ya mbolea tu, wakarudishwa hata chai hawajanywa.
Jastini hali chakula. Anampenda Oliva kweli, si mchezo.

Ijumaa, 14 Juni
Nimeamua. Mlima nitaupanda kwa tatu. Karibu na kwake nitasimama, nipandishe saba. Heshima ni heshima.

Jumamosi, 15 Juni
Tulipanda vizuri mno. Kona ya mwisho nikashuka na bisibisi, Nazari akajifanya anatazama ngoro, yale mashimo ya kilimo cha huku, kwenye mashamba ya watu. Tukaingia uani tunatoa moshi mweusi, injini inakohoa. Mzee akafurahi — nguvu hiyo, anasema. Akainama, akasoma geji. Saba. Akawageukia ndugu zake: hawa ni watu wanaosikia. Hapo hapo akaniita mkwe, na mahari haijatajwa bado! Jastini nusura alie. Nami nilifurahi, nisijidanganye.
Kuondoka sasa. Gari haliwaki. Plagi zimelowa chapachapa, petroli inachuruzika. Mzee akatafakari, akasema presha haitoshi. Akaongeza.
Tunalala hapa.

Jumapili, 16 Juni
Wenyeji wamekwenda misa, wamemchukua Jastini na Nazari. Sisi Waanglikana wa Liuli leo tumeazimwa kwa Wakatoliki. Mimi nimesingizia mgongo. Naandika nikiwa kwenye siti ya pikapu, boneti iko wazi mbele yangu.
Nikisema ukweli, mzee ataaibika mbele ya ukoo wake, na posa imekwisha. Nisiposema, nitahamia Ukata nivune kahawa. Nimechoka, na usipa wangu unaniharibikia kule ziwani.

Oliva alibaki kupika. Amekuja sasa hivi, kapiga goti, shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Kisha akaniomba bisibisi.
Nikamuuliza ya nini. Akanieleza bila haya yoyote: hapa nyumbani baba hukaza kila skrubu anayoiona. Mashine ya kumenyea kahawa, cherehani, kila kitu. Akienda misa, mama yake huzirudisha zote. Jioni vitu vinafanya kazi, baba anajisifu, watu wanakula kwa amani. Yeye alianza kumsaidia mama akiwa darasa la tano.
Na geji je? nikamuuliza. Si atakuta tatu?
Tutasema geji imekufa, mama. Baba anapenda kitu kilichokufa, kinampa kazi.
Anaongea polepole, macho chini, heshima tupu. Nikampa bisibisi. Huyu hatabishana na mwanangu hata siku moja. Maskini Jastini.

Wanarudi. Nawasikia nyuma ya migomba. Mzee anafundisha habari za presha, na mwanangu anaitikia: ndiyo baba, ndiyo baba, ndiyo baba. Oliva naye kamsikia. Ametega sikio, akatabasamu. Sasa ameinama tena nyuma ya boneti, namsikia anageuza skrubu.