Mandazi Yangu Yameenda Kuendesha Basi

Norsborg, Jumamosi

Lakini mifuko ile ya taka ni mizuri, hilo sitaacha kulisema. Ni ya karatasi ngumu, safi, na manispaa ya huku ughaibuni hutupa bure tutilie mabaki ya chakula, ili yageuzwe gesi ya kuendeshea mabasi na hewa isizidi kuchafuka. Kanisani kwetu wote tunabebea mandazi humo.

Leo nimempelekea jirani yangu Lars mfuko mmoja. Mandazi kumi na mawili, ya iliki, bado ya moto. Miaka mitatu tunasalimiana kwa kichwa tu kwenye ngazi, nikasema basi, acha nianze mimi. Akaupokea kwa mikono miwili. Nikarudi ndani nimefurahi peke yangu.

Baada ya dakika tano akagonga mlango.

"Nimeshakutupia," akasema. "Taka zako zina joto. Siku nyingine niletee tu, mimi hushuka kwenye mapipa kila jioni."

Nikamshukuru.

Binti yangu amecheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi kinachonikera ni kimoja: siku moja nitapanda basi na kulipa nauli kama kila mtu, na kumbe linaendeshwa na mandazi yangu.