Fimbo ya Daktari Galal Usiiguse

Baba Nadia,

Fimbo ya kuvulia samaki ya Daktari Galal usiiguse, gundi bado inanata. Mlenda uko jikoni. Dirisha usifungue mpaka alasiri; sasa ni zamu yako kuiva humo ndani.

Asubuhi ulisema, "Naenda Manshiyya kununua nyuzi, narudi sasa hivi. Usiwashe feni, vumbi litaganda kwenye gundi." Nikakubali. Saa nne umeme ukakatika, mota inayoizungusha fimbo ili gundi ikauke sawasawa ikalala, gundi ikaanza kuchuruzika upande mmoja. Nikaizungusha kwa mkono, taratibu kama mshikaki, saa mbili nzima katika joto hili la Agosti, nisiweze hata kupangusa jasho, mpaka gundi ikaacha kuchuruzika.

Chini kwa jirani Awatif walikuwa wanamfanyia mjukuu wake sherehe ya siku ya saba tangu azaliwe. Nilisikia kinu kikigongwa karibu na sikio la mtoto, kama desturi, na bibi yake akimwambia, "Msikilize mama yako, baba yako achana naye," na vicheko tele. Mama Hisham akapanda kuniita. Nikamjibu mlango ukiwa umefungwa kwamba siwezi kuiachia fimbo. Akasema, "Shoga, huyu kakuoa au kakuajiri uwe mota?" Ngazi nzima ikacheka.

~~Leo silali hapa.~~ Nitarudi baada ya magharibi. Nimeshuka kumbeba mtoto, na kula karanga kama zimebaki.

Halafu, karibu na jina la daktari kwenye fimbo utaona alama ya kidole. Nilikuwa napima kama gundi imeshika. Usiifute. Akiuliza, mwambie fundi ametia sahihi.

Mama Nadia