Mwanafunzi wa Kwenye Miwani

Jumanne usiku

Samahani, daftari, nimekutupa muda mrefu. Mtoto anaota meno.

Leo nimefelishwa na miwani ya kompyuta ya mafunzo ya ualimu! Unaivaa, unaona darasa la kuigiza, unafundisha, mwalimu mlezi anakupima. Mwanafunzi mmoja wa humo akalala, nikamwacha.

"Mbona hukumwamsha?"

"Madamu, kule shuleni kwangu mwanafunzi wangu Bhoke akilala darasani, ujue amekesha na mama yake wakiokota mawe ya dhahabu."

"Humu hakuna dhahabu. Kesho rudia, la sivyo hupati cheti."

Mjinga yeye! Lakini bila cheti sina kazi, na mwanangu atakula nini?

Basi huyo wa kwenye miwani nitamwamsha. Bhoke simwamshi.

Hao wenye miwani wakitaka kunisaidia kweli, watume unga wa uji, sukari, mkeka wa kumlaza Bhoke, na huyo madamu mwenyewe, akae darasani kwangu wiki nzima.