Halvorson na Tumbo la Maureen

Shoga, huyu Halvorson hana haya hata ya kuazima!

Asubuhi nzima amewafundisha waajiri wa mji wa Winnipeg sheria za kazi, wakampigia makofi. Kutoka tu ukumbini, akamwambia Maureen wetu, wakili katika ofisi yake ya sheria miaka yote hii: "Binti, na tumbo hilo, ubia wa ofisi usahau."

Usahau! Na tumbo hilo!

Maureen akarudi ukumbini, wageni bado wanakunywa kahawa, akauliza kwa sauti: "Bosi, mwajiri akimnyima mtu cheo kwa sababu ya mimba, sheria inasemaje?"

Wote wakamgeukia Halvorson, aliyekuwa amemfuata nyuma. Angesema nini?

"Ni ubaguzi," akanong'ona.

"Haya, tutaonana mahakamani."

Zee zima linatiririkwa na jasho, huku wateja wake waliomo ukumbini wanamkimbilia Maureen kumwomba namba ya simu!