Mlima, Ng'ombe na Magoti Yangu

Lufingo, Rungwe
28 Aprili 2024

Mpendwa dada Esnath,

Ugonile! Pokea salamu zetu kutoka huku mawinguni. Tu wazima, ila jua tumelisahau sura. Vipi Lindi, na ule mgongo wako? Shemeji presha imeshuka? Saad muuza vitenge anakuja huko kufuata mzigo, nami nimempa barua hii mkononi. Kwenye simu mama husikiliza, na haya ni ya kumsema yeye.

Ule ufa wa mlimani nyuma ya nyumba ya mama, wewe ulipokuja mwaka jana, ulikuwa wa kuingiza kidole. Mwezi huu ulimeza mguu wangu hadi gotini. Mwenyekiti wa kijiji akaja kumwambia ahame. Mama akamjibu, "Mlima huu Mungu aliuweka bila kikao chako." Kila alfajiri akawa anapanda hadi kwenye ufa, anaomba udongo usishuke. Nikamwambia anaongeza uzito. Hakucheka.

Ng'ombe tu ndiye mama alikubali ashushwe. "Mpeleke kwa Ambindwile. Ng'ombe hana imani, asije akafa kwa imani yangu." Ambindwile, jirani wa kule barabarani, akampokea vizuri, ng'ombe akampiga teke, ndoo ikaruka. Hataki mkono mwingine ila wa mama. Basi ikabidi mama ashuke kukamua asubuhi na jioni, akilalamika njia nzima.

Jumanne jioni nilikuwa nachuma chai, nikasikia mlio kama lori linamwaga kokoto. Kutazama juu, jiko na chumba cha mama havipo. Saa ya kukamua ilikuwa imeshapita, nikajua mama amesharudi ndani. Dada, nilikimbia. Nikachimba kwa mikono, naita, haitikii mtu. Mwisho nikapiga magoti matopeni, mimi ambaye tangu kipaimara naombewa tu, nikamlilia Mungu anirudishie mama.

Niliponyamaza kuvuta pumzi, sauti nyuma yangu ikasema, "Mbona umefupisha? Endelea."

Mama, na ndoo yake ya maziwa. Mvua ilimchelewesha kwa Ambindwile. Akaweka ndoo chini, akapiga magoti kando yangu. "Miaka yote namwomba akupigishe magoti," akasema. "Lakini sikumtuma abomoe jiko."

Ningeishia hapo, ila hatari haijaisha. Nusu ya nyumba imesimama, na kaburi la baba liko palepale migombani. Anataka kurudi. "Nitamwachaje baba yenu peke yake na mvua hii?" Na juu ya ule ufa umefunguka mwingine. Nimebembeleza, nimegomba, bure. Mwishowe akatoa sharti: atalala kwangu maadamu naamka naye kuomba kila alfajiri. Nikikosa siku moja, anapanda.

Kwa hiyo naomba. Nilianza kwa kuuogopa mlima. Sasa sijui; kuna asubuhi naamka kabla hajanigongea. Usimwambie.

Mwalike huko hadi mvua zikatike, sema wajukuu wanamlilia. Habari ya ng'ombe niachie mimi. Wasalimie shemeji na watoto, Tulia na Fred. Mke wangu Agness anawasalimu wote. Bwana awafunike ninyi kwa mbawa zake, na sisi atushikie mlima. Mvua imeanza tena alfajiri hii ninavyoandika, na mama ameshavaa gambuti. Ngoja nikapige magoti.

Mdogo wako akupendaye,
Erasto